Dar es Salaam Huliwa kwa Saa

Leo tuzungumze juu ya kula na kustarehe katika jiji la Dar es Salaam. Nasema na wewe mgeni uliyeshuka juzi stendi ya Magufuli pale Mbezi ukiwa na begi na namba ya simu ya shangazi. Nasema pia na wewe mwenyeji, ambaye mwaka unakwisha hujavuka zaidi ya kibanda cha chipsi kilicho mbele ya nyumba yako.

Mgeni akifika huuliza, "Tukale wapi?" Na watu humpa majina: nenda kwa fulani Sinza, nenda kwa fulani Masaki, kuna mgahawa mpya Mikocheni una taa nzuri. Mimi nikiulizwa hivyo naanza kwa kuuliza, "Saa ngapi?" Maana katika jiji hili saa ni kubwa kuliko jina la mahali. Chakula chake kizuri hakilali kwenye friji kikimsubiri mteja. Hupikwa mara moja, kwenye sufuria moja, na mtu mmoja aliyeamka usiku kwa ajili yake, na kikiisha kimeisha. Supu ya saa 1 asubuhi ni chakula cha kumshukuru Mungu. Supu hiyo hiyo saa 7 mchana imeongezwa maji mara mbili na nyama yote imekwisha kuondoka. Mtu akionja hiyo ya pili akaondoka akisema Dar hakuna supu, amewaonea wapishi.

Basi tuanze asubuhi, na tuanze na supu yenyewe.

Saa 12 asubuhi mkaa umeshawaka zamani. Supu ya ng'ombe, supu ya mbuzi, makongoro, utumbo, na kwa wenye haraka ya kwenda kazini, supu ya kuku wa kienyeji. Wapikaji wazuri huweka mifupa jikoni tangu usiku, moto mdogo, ili uboho utoke taratibu. Unakaa kwenye benchi, unaletewa bakuli, chapati moja au mbili, kipande cha ndimu, chumvi na pilipili mbichi. Kamulia ndimu kwanza, onja, ndipo uongeze chumvi, kwa sababu ndimu ikiingia ladha yote inabadilika. Usione haya kumwambia muuzaji, "Kaka, niongezee mchuzi." Mchuzi wa pili hautozwi, ni desturi, na muuzaji anayekunyima hastahili kurudiwa kesho.

Asiyependa nyama asubuhi ana vitumbua, maandazi, mihogo ya kuchemsha, na chai ya rangi yenye tangawizi. Vitumbua vinataka kuliwa pale pale vinapotoka kwenye chungu, ukingo ungali mkavu na katikati pangali laini. Vikishafungwa kwenye mfuko wa nailoni vinatoa jasho, na ndani ya nusu saa vimekuwa kitu kingine. Mama anayeuza vitumbua hukaa mlangoni kwake mpaka saa 3 hivi, kisha anafunika karai na kuendelea na kazi nyingine za siku.

Na kama una nguvu za kuamka alfajiri, nenda Feri. Soko la samaki la Magogoni, karibu na kivuko cha Kigamboni, ndilo mahali pa kuliona jiji hili likianza siku. Boti zinaingia, samaki wanamwagwa juu ya meza, na mnadishaji anapandisha bei kwa sauti inayokimbia kuliko masikio ya mgeni. Changu, kibua, jodari, pweza, kamba, ngisi. Mnada wa jumla si mahali pa kununua samaki mmoja, lakini wachuuzi wapo pembeni, nao watakuuzia hata wawili. Ukishanunua, kuna vijana wa kuparua magamba na kutoa matumbo kwa malipo madogo, na kuna majiko makubwa ya kukaangia. Unakula samaki aliyekuwa baharini usiku ule ule. Kwangu mimi hakuna mlo wa hoteli yoyote ya Masaki unaoufikia mlo huo, na nasema hivyo nikiwa nimekula kote kuwili.

Sasa mchana. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mchana wa Dar unashikwa na mama ntilie, na mama ntilie hasifiwi inavyostahili.

Jiji hili limejengwa na watu walioshibishwa na kina mama hawa. Fundi mwashi, kuli wa bandarini, karani, mwanafunzi, dereva wa daladala, machinga wa Kariakoo: wote mchana wanakalia benchi moja. Mama anapika majiko matatu au manne chini ya mti au turubai. Wali kwenye sufuria moja, ugali kwenye nyingine, maharage ya nazi, nyama ya mchuzi, samaki wa kukaanga au wa kupaka, dagaa, na mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu. Ukiagiza wali na samaki huletewi wali na samaki tu. Sahani inakuja na maharage pembeni, mboga ya majani, kachumbari kidogo, na mara nyingi ndizi mbivu au kipande cha tikiti. Ni mlo uliokamilika, kwa bei ambayo kwenye mgahawa wenye viyoyozi ungeishia kununulia soda na maji.

Namna ya kula hapo ina adabu yake. Unafika, unasalimia. Kama mpishi ni mtu mzima, "Shikamoo mama," na unangoja aitikie kabla ya kutaja chakula. Kama ni rika lako au mdogo wako, "Dada, habari za kazi." Usiingie ukitoa amri kama uko kwenye dirisha la tiketi. Unanawa kwa maji ya ndoo yenye bomba, unakaa panapopatikana, na jirani yako, hata kama humjui, atakwambia "Karibu" akiwa na tonge mkononi. Mjibu, "Asante, endelea." Hakutegemei uchukue kwenye sahani yake, lakini angeona vibaya kula kimya mbele yako.

Na hapa pia saa inatawala. Nenda saa 6 na nusu, kabla ofisi hazijamwaga watu. Saa 7 utapanga foleni. Saa 9 utakuta ugali na maharage tu, na mama anasugua masufuria. Watu huniuliza juu ya usafi, na ni swali la haki. Jibu langu: tazama wateja na tazama maji. Penye wateja wengi chakula hakilali, na penye maji ya kunawa yanayobadilishwa kuna mpishi anayejiheshimu. Chakula cha kuogopa ni kile kilichopoa tangu asubuhi kwenye kabati la kioo, hata kama kabati hilo liko ndani ya jengo lenye vigae.

Ijumaa usiende kwa mama wa kila siku. Ijumaa ni ya pilau na biriani. Kariakoo, Ilala, Magomeni na kote kwenye wakazi wa asili ya pwani, migahawa midogo inajua kuwa watu wakitoka msikitini wanataka pilau yenye bizari inayosikika tangu barabarani. Saa 7 na robo mpaka saa 8 na nusu, basi.

Katikati ya mji, mitaa ya Kisutu, Zanaki, Jamhuri na Libya ina jiko lake. Familia zenye asili ya India zimekaa hapa vizazi na vizazi, na mapishi yao yamekuwa ya jiji zima: bajia na chatne ya nazi, kachori, sambusa za dengu, chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikabadilika rangi. Asiyekula nyama, hapa ndipo nyumbani kwake, maana karibu na mahekalu ya Kisutu kuna wapishi wasiogusa nyama kabisa. Usiku mitaa hiyo hiyo inageuka kuwa ya mkaa. Maduka yamefungwa, viti vya plastiki vinatolewa barazani, na kuku wa kuchoma na mishikaki vinaanza kutoa moshi hasa maeneo ya Mtaa wa Libya. Meza moja ina familia ya Kihindi na watoto wao, ya pili vijana wa Kariakoo, ya tatu wasafiri waliotoka boti ya Zanzibar. Sijui mahali pengine mjini ambapo watu hawa hukaa karibu hivyo kwa hiari yao.

Saa 10 alasiri, kahawa. Wauza kahawa wanatembea na birika lao juu ya jiko dogo la mkaa, wakigonganisha vikombe ili wajulikane wanapita. Kahawa chungu, kikombe kidogo, na kashata ya karanga au ya nazi. Lakini kahawa hii haitakiwi kunywewa huku unatembea. Tafuta kijiwe, pale wazee wanapocheza bao na vijana wanapobishana juu ya Simba na Yanga, keti, salimia, nyamaza kwa muda. Ndani ya nusu saa utakuwa umejua bei ya saruji, nani kafiwa mtaani, na kwa nini kocha lazima afukuzwe. Redio yetu hii tunayojivunia haijafika kasi ya kijiwe.

Jua likianza kushuka, jiji linahamia ufukweni na kwenye kona za mitaa.

Jumapili saa 11 jioni nenda Coco Beach, Oysterbay. Mihogo inachanwa vipande virefu, inakaangwa mpaka nje panakauka na ndani panakuwa unga, kisha inamwagiwa pilipili ya kusaga na kachumbari. Kuna mishikaki, kuna madafu, kuna watoto wamelowa mpaka masikioni. Familia kutoka Mbagala na familia kutoka Masaki wanakanyaga mchanga mmoja na hakuna anayeuza tiketi ya kuingia. Fukwe za wazi namna hiyo zimebaki chache sana katika jiji hili refu la pwani; nyingi zimezungushiwa kuta na hoteli na majumba. Ndiyo maana naipenda Coco Beach hata siku zinapokuwa na msongamano wa kukera. Ukila hapo, chukua taka zako uondoke nazo, tafadhali.

Mwenye siku nzima avuke Kigamboni, kwa pantoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, akakae fukwe za kusini. Au apande boti Kunduchi aende kisiwa cha Mbudya. Mbudya ina siri moja tu: ukikanyaga mchanga, agiza samaki papo hapo, kabla hujavua hata viatu. Majiko ni machache na wageni ni wengi, na anayeogelea kwanza atakula saa 10.

Lakini kama ningepewa jioni moja tu ya kumwonyesha mtu Dar, ningempeleka kwa muuza pweza. Si mgahawa. Ni meza moja na taa ya kuchaji, kwenye kona ya barabara, kuanzia magharibi. Pweza amechemshwa mpaka akalainika, analala mzima juu ya ubao, mikono yake imejikunja. Unataja pesa yako, muuzaji anakata vipande vidogo kwa kisu chembamba, haraka mno, unachukua kwa kijiti cha meno, unachovya kwenye pilipili yenye ndimu. Kisha unapewa kikombe cha supu yake, nyeusi kidogo, ya chumvi ya bahari. Wanaume wanasema inaleta nguvu, na wauzaji hawajawahi kulikanusha hilo. Ninachoweza kuthibitisha ni ladha. Pweza aliyepikwa na mtu anayejua hatafuniki kama mpira. Unamkata kwa meno ya mbele na anakubali. Mkishasimama pale watu sita mkigombea bakuli moja la pilipili, mazungumzo yanakuja yenyewe.

Usiku mzito ni wa chipsi na nyama choma. Chipsi mayai kila mtu anaijua, kwa hiyo nitasema neno moja tu: mwambie akukaangie upya. Chipsi zilizorundikwa kwenye kabati zikirudishwa kwenye mafuta zinakunywa mafuta, na yai haliwezi kuziokoa. Subiri dakika 10, utakula kitu tofauti kabisa.

Nyama choma inahitaji subira zaidi, na hapa wageni hukosea kuliko kote. Kwenye baa nyingi za Sinza, Kinondoni, Tabata na Temeke, jiko na kaunta ni biashara mbili tofauti, zenye wenyewe wawili. Vinywaji unamlipa mhudumu wa kaunta. Nyama unamlipa mtu wa jikoni. Usigombane ukiletewa hesabu mbili. Na usiagize nyama ukiwa umekaa mezani. Inuka, nenda jikoni mwenyewe, mwambie, "Kaka, nionyeshe mbuzi." Chagua paja au mbavu, itazame ikipimwa kwenye mizani, mkubaliane bei, ndipo urudi ukakae. Itachukua saa nzima, pengine zaidi. Mchomaji mzuri anatumia chumvi na moto wa taratibu, hana haraka na wewe usiwe nayo. Ikija imekatwakatwa juu ya sinia, na ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili, mtakula kwa mikono wote pamoja. Nyama inayokuja baada ya dakika 15 ilichomwa mchana. Irudishe.

Mwezi mmoja katika mwaka saa hii yote inapinduka. Ramadhani mchana majiko mengi yanapoa, na kuanzia saa 10 alasiri barabara za Kariakoo, Magomeni, Ilala na Temeke zinajaa futari: mihogo na magimbi ya nazi, ndizi za nazi, tambi, kalimati, uji wa pilipili manga, tende, maji ya ukwaju. Dakika chache kabla ya adhana ya magharibi mji unanyamaza, na daladala zinakimbia tupu. Ukialikwa futari usikatae, hata kama hukufunga na hata kama dini yako ni nyingine. Mwenye nyumba anahesabu thawabu kwa kila anayekula kwake.

Sasa tumeshiba, tuzungumze starehe.

Starehe nazo zina saa zake, na ya kwanza ni mpira. Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, na Yanga, iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, zote ni watoto wa Kariakoo. Zikikutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, ule wa watu 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007, nenda mapema mchana hata kama mpira ni jioni. Ule muda wa kabla ya mechi, vuvuzela, ngoma, wachuuzi wa mayai ya kuchemsha na karanga, ndio nusu ya burudani. Aliyekosa tiketi ana kibanda umiza: chumba cha mabati, benchi, runinga moja, kiingilio kidogo, joto kubwa, na kelele zinazozidi za uwanjani. Vibanda hivyo ndivyo vilivyorithi majumba ya sinema ya zamani kama Empire na Avalon. Vibandani humo ndimo watu walimomjua Lufufu na baadaye DJ Mark, mafundi wa kuisimulia filamu ya Kichina au ya Marekani kwa Kiswahili cha mtaani mpaka mtazamaji akasahau kuwa waigizaji wanasema lugha nyingine.

Mchana wa wikiendi, Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1967 kando ya Barabara ya Bagamoyo kinaonyesha nyumba za asili za makabila mbalimbali, na ngoma huchezwa hapo alasiri. Nafasi Art Space, Mikocheni, tangu mwaka 2008 imekuwa kiwanja cha wachoraji, wachezaji na wanamuziki wanaojaribu mambo mapya. Wenye watoto, waanzie huko.

Singeli usiisikilize kwenye simu tu. Ni muziki wa Manzese, Tandale na Mburahati, wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, uliozaliwa kwenye sherehe za mtaani kwa kompyuta za bei nafuu na vijana wasiokuwa na studio kubwa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na tangu hapo vijana hao wamepiga kwenye matamasha ya Ulaya. Kuna wazee wanaosema singeli ni kelele. Wazee wao walisema hivyo hivyo juu ya gitaa la umeme. Taarabu nayo ina wenyewe Magomeni na kwingineko. Ukienda, beba noti ndogo ndogo, maana mwimbaji akiimba la moyoni mwako unainuka na kwenda kumtunza, na kila mtu ukumbini anaelewa umemlenga nani.

Lakini nilichotaka hasa kuwaambieni leo ni muziki wa dansi.

Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi ilibadilika nacho: JUWATA, kisha OTTU, na sasa Msondo. Mlimani Park Orchestra, Sikinde, ilianza mwaka 1978, na baadaye ikashikwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Kwa miaka mingi jiji liligawanyika kati ya Msondo na Sikinde kama linavyogawanyika kati ya Simba na Yanga. Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba pande zote mbili, na hakuna upande uliothubutu kumkana. Kutoka Kongo ilikuja bendi ya Maquis, akaja mwanamuziki Remmy Ongala, ambaye aliimba juu ya umaskini na kifo watu wakacheza huku wanafikiri. Alifariki mwaka 2010, na mpaka leo kondakta wa daladala anaita kituo cha "Sinza kwa Remmy" bila kujiuliza.

Bendi hizi zilikuwa na waajiri. Chama cha wafanyakazi, jeshi, polisi, shirika la umma ndio walionunua magitaa, tarumbeta na vipaza sauti, na mpiga saksafoni alipokea mshahara mwisho wa mwezi. Uchumi ulipofunguliwa na mashirika kuanza kuyumba, mishahara ile ikakatika. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja redio binafsi, zikaja na Bongo Fleva, na nyimbo za dansi zikabaki kwenye kipindi kimoja cha zilipendwa. Bendi ya dansi ni watu 10, pengine 15. Ina waimbaji wanne, magitaa matatu, tumba, ngoma, tarumbeta. Watu hao wote wanakula kwa kiingilio cha mlangoni. Msanii wa Bongo Fleva anapanda jukwaani na kijana mmoja wa kubonyeza kompyuta. Simlaumu, ndiyo kazi yake ilivyo, lakini hesabu hizo mbili hazilingani.

Na bado wapo. Wanapiga Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwenye kumbi na baa za Kinondoni, Temeke, Ilala na Mbagala. Tangazo linasema saa 2 usiku. Saa 2 utakuta wanafunga nyaya. Saa 3 wanapiga nyimbo za kupasha moto, waimbaji wakubwa bado wamekaa pembeni na soda zao. Saa 5 ndipo bendi kamili inasimama. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza maneno, polepole, kisa chote kinasimuliwa: ndoa, mirathi, rafiki aliyegeuka. Kisha tarumbeta zinaingia, gitaa la solo linabadilika, na sehemu ya pili, chemko, inaanza. Hapo meza zinabaki tupu. Mzee wa miaka 70 mwenye kofia na suruali iliyopigwa pasi anacheza na bibi yake hatua zile zile za mwaka 1980, na vijana wanasogea kumpisha. Chemko inaweza kwenda dakika 10, kwa sababu hakuna anayeikata. Kwenye redio tunaikata. Nakiri kwa niaba ya kazi yetu kwamba hatuna muda wa kuipiga yote, na kwa sababu hiyo kizazi kizima kinazijua nyimbo hizi nusu.

Asiyeweza kukesha ana bonanza la Jumapili, linaloanza alasiri na kwisha mapema, na hapo mnaweza kwenda na familia, mkala nyama choma huku mkisikiliza muziki.

Kwa hiyo, msikilizaji, ombi langu ni hili. Jumamosi hii tafuta bendi inapiga wapi. Uliza kijiweni, watakwambia. Kula mapema, fika saa 4 usiku, na ulipe kiingilio mlangoni. Usiombe kuingizwa bure kwa kuwa unamfahamu mpiga besi. Mpiga besi huyo ana watoto shuleni, na ile noti yako ya mlangoni ndiyo mshahara wake.